Mwonja Kahawa na Kanda ya Jubilei

Thadeus hakuwahi kunywa kahawa nyumbani kwake. Majirani zake wa Kibosho waliliona jambo hilo kuwa kiroja, maana kihamba chake, shamba lililozunguka nyumba, kilijaa mibuni chini ya migomba, na ada za watoto, bati la nyumba na hata viatu vya Jumapili vyote vilitoka kwenye kahawa. Lakini ukimkaribisha kikombe alitikisa kichwa. "Kahawa ni kazi," alisema. "Nipe chai."

Alikuwa mwonja kahawa mjini Moshi. Kila asubuhi ya kazi alishuka mlimani, akavaa koti jeupe, akasimama mbele ya meza ya mviringo iliyopangwa vikombe. Alichota kwa kijiko, akavuta kahawa kwa kelele kama mtu anayefyonza uboho wa mfupa, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema kwenye debe. Asiyejua angecheka. Thadeus mwenyewe hakucheka, kwa sababu kelele ile ndiyo iliyoamua mkulima wa Uru au Machame atarudi nyumbani na nini.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja, naye aliishika kama wengine wanavyoishika Kwaresima. Chini ya kila kikombe palikuwa na namba iliyolazwa kifudifudi, na namba haikufunuliwa mpaka waonjaji wote wawe wamesema. Hakuna aliyeruhusiwa kujua kahawa imetoka wapi. Maji yalikuwa ya moto ule ule, vijiko vya aina moja, vikombe vya kimo kimoja. Tena mara nyingi mkuu wao aliweka kahawa ile ile katika vikombe viwili mbalimbali, ili kumnasa anayeropoka. Thadeus aliyapenda mambo haya kwa sababu alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuaibika. Aliambiwa kikombe fulani ni cha Kibosho, akakisifu kwa maneno matamu mno, kumbe kilikuwa cha mbali kabisa, tena kilichochacha. Tangu siku hiyo alikuwa akisema, "Ulimi wangu ni mwaminifu mpaka macho yaambiwe jina."

Mkewe, Mektrida, alimcheka kwa tabia hiyo. "Mwenzenu huyu," aliwaambia wageni, "hata mtori wangu anaonja kama hakimu anayesikiliza kesi ya kuku." Mektrida alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi. Kwa miaka yote ya utu uzima wake aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Sauti ya pili ni kazi isiyo na sifa. Wanaoimba ya kwanza husikika mpaka barabarani, na wanaume wa sauti ya nne hutetemesha mabenchi, lakini ya pili hukaa katikati, na watu huigundua siku isipokuwepo. Thadeus hakuimba. Alikaa benchi la upande wa wanaume na kumwangalia mkewe.

Kisha ikaja miaka ile walipotuambia soko limefunguliwa. Wanunuzi wapya walikuja na mizani zao wakazitundika kwenye miti kando ya barabara. Walinunua kahawa iliyokauka na isiyokauka, safi na chafu, wakaimwaga yote katika gunia moja. Mkulima aliyeosha buni zake kwa uangalifu alilipwa sawa na yule aliyezianika juu ya vumbi. Ilisemwa kuwa huu ndio uhuru. Mwonja kahawa wa nini tena, kama hakuna anayetaka kujua tofauti? Thadeus na wenzake wengi waliitwa, wakapewa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo, na koti jeupe likarudishwa stoo. Alirudi nyumbani akiwa na hasira iliyomkaa kifuani kama tonge. Alishinda anazungumza peke yake kwenye kihamba, akikata majani ya ng'ombe, akiwajibu watu ambao hawakuwepo.

Ni katika majuma hayo hayo ambapo parokia ilifanya jubilei yake. Fundi wa kurekodi aliletwa kutoka Arusha, akatega vinasa sauti mbele ya altare, na kwaya ikaimba ikiwa imevaa sare mpya za kijani. Thadeus alikuwepo. Alimwona Mektrida katika mstari wa pili, mdomo wake ukifunguka na kufungika, uso umeinuliwa. Alijisikia nafuu kidogo kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi. Kanda ilitoka, ikauzwa mlangoni mwa kanisa, nao wakanunua moja.

Kabla ya mwaka kwisha Mektrida alifariki. Uvimbe ulikuwa umeota kooni, na madaktari walipouona walisema mgonjwa amechelewa kuletwa. Walimzika kwenye kihamba, chini ya migomba, mahali anapozikwa mtu wa nyumbani.

Kilichomshangaza Thadeus baada ya msiba ni kwamba uso wa mkewe haukumpotea. Picha zilikuwepo: ya harusi, ya ubatizo wa mtoto wao Tito, ya Mektrida ameshika mkungu mzima wa ndizi na anacheka. Kilichokuwa kinampotea ni sauti. Alikumbuka maneno aliyosema, lakini sauti iliyoyasema ilikuwa inafifia kama kitambaa kinachoanikwa juani kila siku. Basi akakumbuka kanda.

Aliiweka kwenye redio yao kuukuu ya mkononi. Kwaya nzima ikatoka kama nyuki walio ndani ya debe. Akasogeza sikio, akapandisha, akashusha, lakini hakumpata. Alijua yumo, kama mtu anavyojua funguo zimo ndani ya gunia la mahindi. Siku ya tatu ya kuhangaika aliamua kwamba kosa ni la redio. Kiinua mgongo kilikuwa bado hakijaguswa. Akavaa koti lake la Jumapili, akashuka Moshi.

Wakati huo maduka ya mjini yalikuwa yamefurika vitu kutoka Dubai. Zamani mtu aliyetaka redio nzuri alimwomba padre au baharia. Sasa zilipangwa mpaka nje, zenye vitaa vya kijani na vyekundu vinavyorukaruka kwa kila mdundo, na kila duka lilipiga muziki wake kwa nguvu ili kulizima la jirani. Mmoja wa wenye maduka hayo alikuwa Sirili, mdogo wake Mektrida, kijana mcheshi aliyekuwa na duka dogo mtaa wa Kiusa.

"Shemeji! Karibu, karibu! Leo umeamua kuuaga ukale?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Kusikiliza? Hapa watu wananunua, shemeji. Kusikiliza wanakwenda kufanyia kwao." Sirili akapiga kofi mgongo wa mashine kubwa ya rangi ya fedha. "Hii hapa, wati elfu mbili. Ukiiwasha Kibosho, Machame wanacheza."

"Hizo wati nani amezihesabu?"

"Si zimeandikwa hapa?"

"Zimeandikwa na nani?"

"Aliyeitengeneza, shemeji! Ulitaka ziandikwe na askofu?"

"Kwa hiyo mwenye shamba ameonja kahawa yake mwenyewe, akajipa daraja la kwanza."

Wateja waliokuwa dukani wakacheka. Mmoja wao, bwana mwenye tai na miwani ya jua kichwani, akaingilia. "Mzee, redio hailambwi! Sikia besi hiyo. Kifua hakitikisiki?"

"Kinatikisika," Thadeus akajibu. "Hata lori likipita kinatikisika. Sirili, zima kwanza hivyo vitaa."

"Vitaa vimefanya nini?"

"Vinaingia masikioni."

"Jamani, taa zinaingia masikioni!" yule bwana akapiga kelele, na duka zima likaangua kicheko. Thadeus hakukasirika. Alitoa kanda mfukoni, akampa shemeji yake. Sirili aliitia kwenye mashine akiwa bado anacheka. Kwaya ilipoanza, kicheko kikamkatika.

"Hii ni ya jubilei?"

"Ndiyo."

"Dada yumo?"

"Yumo. Nataka atoke."

Kuanzia hapo Sirili hakubisha tena. Alifanya kila alichoambiwa. Mashine tatu zilipangwa juu ya kaunta, zikafunikwa vitenge vilivyoazimwa duka la jirani. Thadeus aligeukia ukutani. Alitaka sauti zote ziwekwe kimo kimoja, maana iliyo juu kidogo hudanganya, kama kahawa ya moto inavyoficha ubaya wake. Alitaka wimbo mmoja tu, ule wa kutoa shukrani, na katika wimbo huo alitaka ubeti wa tatu. "Utanitajia namba tu," alimwambia Sirili. "Tena nitege. Rudia moja na unidanganye kwamba ni nyingine."

Alisimama uso umeelekea bati la matangazo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Namba moja ilikuwa nene na yenye giza. Namba mbili ilipofika ubeti wa tatu, alishtuka. Mwanamke mmoja wa sauti ya pili aliingia mapema. Pumzi ilisikika kwanza, ndogo na ya haraka, kisha neno, kabla wenzake hawajalishika. Thadeus aliijua nukta ile. Siku ya jubilei alikuwa anamtazama Mektrida mahali pale pale kwenye wimbo, akamwona anafungua mdomo mapema.

"Rudia," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Walirudia mara nyingi, wakichanganya. Namba tatu pumzi haikuwepo. Namba moja haikuwepo. Namba mbili ilikuwepo kila mara. Mwishoni Sirili akasema, "Haya, sasa namba tatu," na Thadeus akajibu bila kugeuka, "Acha utani, hiyo ni mbili." Watu wakashangilia kama kwenye mpira. Hata yule bwana wa tai alipiga makofi.

Vitenge viliondolewa. Namba mbili haikuwa ile ya fedha. Ilikuwa seti ya kijivu isiyo na kitaa hata kimoja, ambayo Sirili aliichukua kwa mtu aliyehama, na alikuwa akiitumia kuwekea maboksi. Thadeus aliilipia, Sirili akaifunga mwenyewe kwa kamba, akampandisha nayo hadi Kibosho kwa gari la rafiki yake, na njia nzima hakutaniwa mtu.

Hapo Thadeus alipata majuma ya raha ambayo hakuyategemea. Umeme ukiwepo, baada ya chakula cha mchana, alikaa mbele ya spika, akafumba macho, akangoja ubeti wa tatu. Pumzi, kisha neno. Akarudisha. Pumzi, kisha neno. Tonge la hasira kifuani likaanza kuyeyuka. Alimwita Lukresia, aliyekuwa rafiki wa Mektrida na aliyesimama karibu naye kwenye kwaya, akamkalisha na kumwambia, "Sikiliza vizuri. Ubeti wa tatu, anayewahi. Unamsikia?"

Lukresia alisikiliza. Alitazama chini muda mrefu, akizungusha pindo la kanga. "Namsikia, Baba Tito," akasema. "Ni yeye."

Jirani mwingine akasema ni yeye. Mke wa jirani akasema ni yeye hasa, akatoa machozi. Na hapo ndipo furaha ya Thadeus ilipoanza kumkera, kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Mbona wote wanakubali upesi hivi? Aliwahi kuwaona waonjaji watu wazima, wenye ujuzi, mmoja wao akiponyokwa na neno "ndimu" kabla ya wakati, na meza nzima ikaonja ndimu. Alikuwa amewaambia majirani cha kusikia kabla hawajasikia. Hilo lilikuwa kosa la kazi. Angeweza kuliacha lipite, na wengi wetu tungeliacha. Lakini alikuwa ameishi maisha yake yote akifunua namba, na ukoo wa mkewe ulikuwa unakuja kwa misa ya kumbukumbu. Mama mkwe wake alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba anataka kumsikia mwanawe. Thadeus hakutaka kumpa mama yule kitu ambacho hakijapimwa.

Akamwita Jovin, mwalimu wa kwaya. Hakumwambia sababu. Alimwambia anataka ushauri wa mahali pa kuweka spika. Jovin alikuja na buti zake za shamba, akakataa kiti kizuri kwa sababu ya matope, akakaa kwenye kigoda. Wimbo ukapigwa.

"Aisee, seti hii ni safi," Jovin akasema. "Nasikia mpaka kikohozi cha sauti ya nne."

"Mwalimu, hapo kwenye ubeti wa tatu. Kuna mtu amewahi. Nani yule?"

Jovin akacheka mpaka akapiga goti. "Doris! Nani mwingine? Yule binti aliyeolewa Marangu. Nilimgombeza mazoezi yote mpaka akalia, na siku ya kurekodi akarudia vile vile. Mimi huwa nikipiga kanda hii nafika hapo nakunja ndita."

"Una hakika?"

"Mwalimu wa kwaya hasahau kosa, Baba Tito. Waliopatia nimewasahau wote."

Thadeus alizima mashine. Nje, ng'ombe alikuwa anagonga ubao wa zizi. "Mektrida alisimama wapi siku ile?"

"Pembeni ya Doris."

"Basi nitafutie sauti yake. Mahali popote kwenye kanda. Wewe unazijua sauti zako."

 Jovin alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liliandikwa huko. "Siku ile hakuimba," akasema mwishowe.

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Uliuona mdomo. Sauti ilikuwa imekwenda, Baba Tito, tangu majuma kadhaa kabla. Hata kusema alikuwa anasema kwa kunong'ona. Nilimwambia akae benchi, apumzike, akanishika mkono. Alisema, 'Mwalimu, mume wangu amefukuzwa kazi juzi tu. Akiniona nimekaa atajua naumwa. Niache nisimame kwenye mstari, nitafungua mdomo.' Alikuwa anamtazama Doris na kumfuata. Sauti ya pili wote walijua. Tuliona ni jambo dogo. Tulidhani ni mafua."

 Thadeus alikuwa anakumbuka majuma yale. Mektrida alikuwa ananong'ona, ndiyo. Alisema ni vumbi la kupukuchua mahindi. Naye, mtu aliyeweza kusema kahawa ilianikwa karibu na moshi wa jiko la nani, alikuwa anazunguka kihamba akigombana na mabosi wasiokuwepo, na hakusikia kwamba sauti ya mkewe imekatika ndani ya nyumba yake mwenyewe. Walipokwenda hospitali waliambiwa wamechelewa. Sasa alijua walichelewa kwa kiasi gani, na kwa ajili ya nani.

Jovin alipoondoka, Thadeus aliirudia kanda mara moja. Pumzi, kisha neno. Ilikuwa ya msichana. Alishangaa jinsi ilivyokuwa wazi: sauti changa, yenye pupa, isiyo na hata chembe ya mwanamke aliyezaa na kulima na kufunga. Kule Kiusa alikuwa ameonja kwa haki kabisa. Alifunika mashine, akasawazisha kimo, akategwa na hakunasika. Kila kitu alikifunika isipokuwa kanda yenyewe. Kanda ilikuja dukani ikiwa na jina tayari, na jina hilo alilibandika yeye, kwa macho, akiwa kwenye benchi la kanisa.

Siku ya kumbukumbu ukoo wa Mektrida ulifika. Baada ya misa na sala ya kaburini, watu walikula, wakanywa mbege, kisha wakasogea sebuleni. Mama yake Mektrida aliwekwa kwenye kiti cha mbele kabisa. Alikuwa mzee sana, amejifunga kitenge kipya, miguu haifiki chini vizuri.

"Shikamoo, mama," Thadeus akamwambia akiwa ameinama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumsikia. Mwache aseme nami."

Thadeus alikuwa ameyaandaa maneno. Alikuwa ameyarudia asubuhi nzima akimkamua ng'ombe. Alivuta pumzi ayaseme, lakini Sirili alikuwa ameshasimama katikati ya sebule, glasi mkononi, uso unang'aa.

"Jamani, ngoja niwaambie! Msidhani ni maneno ya mtu mwenye huzuni tu. Shemeji alipimwa! Mashine tatu, zimefunikwa vitenge, yeye kageukia ukutani. Nikamtega mimi mwenyewe. Kila dada alipopumua, shemeji alisema namba mbili! Kila mara! Duka zima ni mashahidi."

"Ala!" watu wakasema. "Huo ndio upendo."

"Huo si upendo, ni ushahidi," Sirili akajibu, na wakacheka kwa kuridhika.

Thadeus alimtafuta Lukresia kwa macho. Alikuwa mlangoni, amebeba sahani; Jovin alikwisha mweleza yote, naye alikuwa anamtikisia kichwa polepole: usiseme. Yule mama mzee alikuwa ameshafumba macho na kuelekeza sikio lake zima kwenye spika. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguliwa, kama ya mtu anayengoja kupewa mtoto ambebe.

Thadeus alibonyeza.

Kwaya iliimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Ilipofika wa tatu Sirili aliinua kidole, na sebule nzima ikazuia pumzi. Doris akawahi, kama kawaida yake. Mama mzee alitoa sauti ndogo, akafunika uso kwa kitenge. "Ndiye," akasema. "Mwanangu. Ndiye kabisa." Wanawake wakaanza kulia, na baadaye wakalia kwa nafuu, kama watu waliotua mzigo.

Alipokuwa anaondoka, mama aliomba kanda. Angempa nini kingine? Aliitoa kwenye mashine, akaifunga kwenye leso safi, akaiweka mkononi mwake. Mama akambariki kwa Kichagga, kwa maneno marefu ambayo Thadeus aliyapokea akiwa amekiinamisha kichwa chini kuliko heshima ilivyodai.

Jikoni, Lukresia alikuwa anaosha vyombo. "Umefanya vizuri, Baba Tito," akasema bila kugeuka. "Amekwenda na amani."

"Amekwenda na mtoto wa watu wengine."

"Kwani kuna aliyeumia?"

"Wewe uliniambia ni yeye. Ulisimama karibu naye siku ile, ukaona, kisha ukakaa kwenye kiti changu ukaniambia ni yeye."

Lukresia akaacha kuosha. "Uliniuliza ukiwa umeshajibu. Ningekwambia nini? Ulikuwa umeanza kula tena." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na yeye alitukataza. Alisema usijue. Mimi bado nilikuwa nalishika neno lake."

Thadeus alitaka kukasirika, akakuta hasira imekwisha. Alikuwa ameitumia yote kwa watu wa mjini, katika majuma ambayo alitakiwa kukaa kimya na kusikiliza.

Seti ya kijivu ilibaki sebuleni, haina kanda. Hakuinunulia nyingine. Sirili alimletea za dansi na za injili, akazipokea kwa shukrani na kuzipanga kabatini.

Alasiri moja mawingu yalishuka ghafla kutoka mlimani, wakati kahawa ikiwa imeanikwa nje kwenye wavu. Thadeus alikuwa amekaa barazani. Kwa miaka mingi, katika dakika kama hiyo, Mektrida alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni: "Anua kahawa, Baba Tito, mvua hiyo!" Maneno aliyakumbuka yote. Alitulia, akafumba macho, akamngoja ayaseme. Yakaja. Yalianza na pumzi ndogo ya haraka, kisha neno, changa, lenye pupa, kabla ya wakati wake.

Akatikisa kichwa, akajaribu tena. Akamtafuta kwenye siku nyingine: harusini, kwenye sherehe ya Tito, kwenye ugomvi wao wa ndama. Kila alipomfikia, mdomo ulikuwa wa Mektrida na sauti ilikuwa ya yule msichana wa Marangu. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi mno, kwa makini mno. Ile sauti kidogo iliyokuwa imebaki kabla ya mashine, iliyofifia lakini ya kweli, ilikuwa imefutwa, na aliyeifuta ni yeye mwenyewe, kila siku baada ya chakula cha mchana.

Mvua ikaanza kupiga kahawa. Thadeus hakuinuka kuianua. Aliacha kujaribu kumkumbuka, maana aliona kila anapojaribu anazidi kumfukuza.